Dawa ya Mume, Dawa ya Mke

Mchukue mume na mke wa Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Sitawapa majina kwa sababu ni watu wa mfano, ila yaliyowapata mwaka 2018 yaliwapata wengi wa hali yao, Trans Nzoia, Bungoma na Kenya nzima. Wote wawili wanaishi na virusi vya Ukimwi. Kila usiku kabla ya kulala wanameza dawa ileile. Siku yao ya kliniki ni moja, maana nauli ya matatu haikubali safari mbili na palizi ya mahindi haingoji mtu. Wanakaa foleni moja, wanapimwa uzito kwa mizani moja, wanaitwa kwenye dirisha moja la dawa. Mume anaondoka na kopo jipya. Mke anarudishiwa lile la zamani.

“Baba watoto, mbona yako imebadilika?”

“Wamesema hii mpya ni nzuri zaidi. Haileti kizunguzungu.”

“Na mimi je?”

“Daktari anasema wewe bado unaweza kuzaa.”

Hapo ndipo funzo letu linapoanzia. Jibu hilo lilitolewa kwa nia njema kabisa, na bado lilimwacha mwanamke na dawa iliyo duni.

Dawa ya zamani ilikuwa na efavirenzi ndani yake. Aliyewahi kuimeza anazijua ndoto zake: mtu anaamka usiku wa manane amelowa jasho, asubuhi kichwa kinazunguka, na wengine huzuni huwaingia hata wasijue imetoka wapi. Dawa mpya ilikuwa na dolutegraviri. Hii hushusha wingi wa virusi kwa haraka, madhara yake kwa wengi ni machache, na virusi hupata shida sana kujifunza kuishinda. Mwaka 2017 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuingiza dolutegraviri ya bei nafuu, isiyobeba jina la kampuni iliyoigundua, ikianza na wagonjwa ambao miili yao ilikataa efavirenzi. Septemba mwaka huohuo ikatangazwa bei ya kidonge kimoja chenye dawa tatu, dolutegraviri ikiwamo, kwa takriban dola 75 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwa nchi yenye wagonjwa wengi na mfuko mwembamba, hiyo ilikuwa habari ya kushangilia.

Kisha ikaja tarehe 18 Mei 2018. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari iliyotoka Botswana. Nchi hiyo ilikuwa imetangulia kuwapa watu wote dolutegraviri tangu 2016, na tangu 2014 wakunga katika hospitali zake kubwa walikuwa wakimkagua kila mtoto anayezaliwa na kuandika kama ana kasoro, na mama yake alikuwa akimeza dawa gani. Utafiti huo unaitwa Tsepamo. Ulianzishwa kuchunguza hofu ya zamani juu ya efavirenzi, lakini ukaikuta dawa nyingine njiani. Kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri, watoto 4 walikuwa na kasoro ya mgongo wazi au ya ubongo kutofunikwa. Hiyo ni karibu 9 kwa kila 1,000. Kwa wanawake waliotumia dawa nyingine ilikuwa karibu 1 kwa kila 1,000.

Kasoro ya namna hii hutokea mapema mno. Mimba ikifika siku 28 hivi, mfereji unaojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huwa umekwisha kufunga. Wanawake wengi wakati huo hawajui bado kama wana mimba. Kwa hiyo haikutosha kusema kwamba mjamzito atabadilishiwa dawa akija kliniki. Akija, lililokuwa la kutokea limeshatokea. Ndiyo maana nchi nyingi, Kenya ikiwamo, ziliona njia ya salama ni kumzuia kila anayeweza kushika mimba. Mwongozo wa Kenya wa 2018 ulitaka kwa jumla wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wabaki na efavirenzi, na dolutegraviri iende kwa wanaume na kwa wanawake waliovuka umri huo au walio kwenye njia ya uhakika ya kupanga uzazi. Waliokuwa wamekwisha kuionja dawa mpya, wengine walirudishwa nyuma.

Nasema wazi kwamba waliopiga kengele walifanya haki. Daktari Rebecca Zash na wenzake wa Botswana waliona alama ya hatari wakaisema mapema, kabla hawajapata uhakika, na mtafiti mwaminifu hufanya hivyo. Kosa ninalolitafuta lilifanyika miaka kadhaa nyuma, mbali na Kitale na mbali na Gaborone.

Dolutegraviri iliidhinishwa Marekani Agosti 2013. Kutoka hapo hadi Mei 2018 ni karibu miaka 5, na katika muda wote huo dunia haikuwa na jibu la swali ambalo mama yeyote wa Kimilili angeliuliza kabla ya kufungua kopo: nikishika mimba nikiwa naimeza, mtoto wangu atakuwaje? Jibu halikuwapo kwa sababu waliotengeneza majaribio walihakikisha halitapatikana. Katika majaribio makubwa yaliyoipatia dawa hiyo kibali, wanawake walikuwa wachache kuliko wanaume kwa mbali sana. Wajawazito hawakukubaliwa. Mwanamke aliyekubaliwa alitakiwa kujikinga na mimba, na akishika aliondolewa. Kisha dawa iliyopimwa hivyo ikaletwa katika bara ambalo wengi wa wagonjwa wake ni wanawake, na wengi wa wanawake hao wanatumaini kuzaa. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2018, KENPHIA, ulikuta virusi kwa asilimia 6.6 ya wanawake wazima na asilimia 3.1 ya wanaume. Dawa ilipimwa zaidi kwa mwili wa yule ambaye si mgonjwa wa kawaida wa ugonjwa wenyewe hapa kwetu.

Desturi hiyo ya kuwatoa wanawake ina historia yake, na haikuzaliwa na ubaya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya thalidomaidi iliuzwa Ulaya na kwingineko kwa usingizi na kichefuchefu cha mimba, na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo vilivyofupika au visivyokua. Dunia ilitishika. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kuzaa wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na agizo hilo lilimgusa hata asiye na mume, hata anayetumia njia ya kupanga uzazi, hata ambaye mume wake amefunga uzazi. Lilidumu hadi 1993. Matokeo yake yaliendelea kujitokeza muda mrefu baadaye: dawa ya usingizi ya zolpidemu ilitumika zaidi ya miaka 20 kabla ya mamlaka hiyohiyo kupunguza kipimo cha wanawake kwa nusu mwaka 2013, ilipothibitika kwamba mwili wa mwanamke huichelewesha na anaamka nayo ikiwa bado damuni, kisha anashika usukani.

Lakini jambo moja la thalidomaidi husahauliwa. Wale akina mama hawakuumizwa ndani ya utafiti. Waliumizwa kwa sababu dawa iliuzwa bila kuchunguzwa kwa wajawazito. Tiba ya kosa hilo ilikuwa kuchunguza kwa uangalifu zaidi. Walichofanya wakubwa wa dawa ni kufunga mlango, na mwanamke akabaki kuwa mtu wa kujaribiwa vilevile, safari hii nyumbani kwake, bila daktari wa utafiti wa kumfuatilia, bila bima na bila daftari la kuandika yaliyompata.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, fuata njia ya dawa tatu katika mwili wa mwanamke mmoja wa magharibi mwa Kenya.

Ya kwanza ni nevirapini. Utafiti uliofanyika Kampala, Uganda, na kuchapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba kidonge kimoja tu kikimezwa na mama uchungu unapoanza, na mtoto akapewa matone baada ya kuzaliwa, maambukizi kwa mtoto hupungua sana. Akina mama kwa maelfu walikimeza kwa ajili ya watoto wao, na watoto wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Kidonge hicho kimoja kiliacha kitu nyuma: virusi vilivyobaki katika mwili wa mama vilijifunza kuishinda nevirapini, na kwa kuwa efavirenzi ni ndugu yake, vikajifunza kuishinda hata hiyo. Zaidi ya hapo, nevirapini ikitumiwa kila siku huweza kuchoma ini na ngozi, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanawake. Kiwango cha kinga ambacho mwanamume anaweza kuanza nacho bila wasiwasi mkubwa, kwa mwanamke kinatisha. Onyo juu ya hilo lilitoka waziwazi mwaka 2005, baada ya dawa kuwa mikononi mwa watu kwa miaka mingi.

Ya pili ni efavirenzi. Hii iliogopwa kwa sababu ya nyani. Katika jaribio la maabara, nyani 3 kati ya 20 walizaa watoto wenye kasoro, na kwa hilo wanawake wa umri wa kuzaa wakaelekezwa kwenye nevirapini, ileile inayowaumiza wao zaidi kuliko wanaume. Miaka ikapita. Hesabu za wanawake halisi zilipokusanywa, hofu ya nyani haikuthibitika, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likakubali efavirenzi itumike hata mwanzoni mwa mimba.

Ya tatu ndiyo dolutegraviri, na sasa upepo ukageuka: efavirenzi, iliyokuwa hatari ya jana, ikawa kimbilio la mwanamke, na dawa mpya ikawa ya mume wake. Kumbuka kidonge kile cha uchungu wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani lilipokusanya taarifa za nchi mbalimbali, usugu wa virusi kwa dawa za ukoo wa nevirapini na efavirenzi ulionekana zaidi kwa wanawake wanaoanza matibabu kuliko kwa wanaume. Aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuhitaji dawa mpya ndiye aliyeambiwa angoje.

Na kuna jambo lililo karibu nasi zaidi, ambalo mimi binafsi nikilifikiria silali vizuri. Wanawake waliambiwa: ukitaka dawa mpya, kwanza panga uzazi kwa njia ya uhakika. Wengi hupendelea vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, kwa kuwa havihitaji kukumbukwa kila siku wala kuonekana na mtu. Sasa, mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Daktari Rena Patel pamoja na watafiti wa Kenya, wakiwamo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, waliopitia kumbukumbu za wanawake 24,560 wenye virusi katika eneo la Nyanza. Walikuta kwamba mwanamke mwenye vijiti mkononi na efavirenzi tumboni alishika mimba mara tatu zaidi ya mwenye vijiti na nevirapini. Efavirenzi huliamsha ini lichome homoni ya vijiti kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo dawa aliyobakizwa nayo mwanamke ili kumlinda mtoto ambaye hajatungwa ndiyo iliyokuwa inadhoofisha njia yake ya kuchagua lini atungwe. Mwili wa mwanamke ulikuwa umegawanywa katika mafaili mawili, moja la Ukimwi na jingine la kupanga uzazi, na kwa miaka mafaili hayo hayakusomwa pamoja.

Waliokataa kunyamaza walikuwa wanawake wenyewe. Tarehe 13 na 14 Julai 2018, wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali, Rwanda, kwa mwito wa AfroCAB, bodi ya wanaharakati wa tiba barani. Mmoja wa waliopaza sauti alikuwa Mkenya, Jacque Wambui. Walizipitia takwimu za Botswana wenyewe, wakauliza maswali, kisha wakatoa kauli kwamba marufuku ya jumla haina msingi. Walitaka mwanamke aelezwe hatari iliyopo na faida iliyopo, halafu achague. Mwezi huohuo wakaipeleka kauli hiyo Amsterdam, kwenye mkutano wa kimataifa wa Ukimwi. Sijui kama wapo waliodhani wanawake hao wanapuuza watoto. Mwenye kufikiri hivyo aangalie upande wa pili wa mizani: mama ambaye virusi vyake havikushushwa huweza kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kujifungua au anaponyonyesha, na mama akifa, mtoto aliyezaliwa mzima hubaki bila wa kumlea.

Botswana nayo haikuacha kuhesabu. Hospitali ziliongezwa, na kadiri wanawake walivyozidi kuwa wengi, alama ile ya hatari ikafifia. Julai 2019 walikuwa watoto 5 kati ya 1,683, yaani 3 kwa kila 1,000. Siku hizo, katika mkutano wa Mexico City, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dolutegraviri ndiyo dawa inayopendekezwa kwa watu wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwamo. Kenya ikabadili mwongozo wake. Kufikia 2022 hesabu ilikuwa watoto 10 kati ya 9,460, karibu 1 kwa kila 1,000, na tofauti na dawa nyingine haikuonekana tena. Wanne wa mwanzo walikuwa wamekusanyika kwa bahati mbaya katika kundi dogo, kama inavyotokea hesabu ikiwa changa. Nchini Uganda na Afrika Kusini utafiti wa DolPHIN-2 uliwagawa wajawazito 268 waliochelewa kuanza matibabu, karibu nusu wakapewa dolutegraviri na wengine efavirenzi, na dolutegraviri ikashusha virusi upesi zaidi, kabla ya siku ya kujifungua. Maswali hayo yote yangeweza kuulizwa mapema.

Wala usifikiri kwamba tofauti ya mume na mke ni ya mimba tu. Johannesburg, utafiti wa ADVANCE uliwafuata watu 1,053 waliogawiwa dawa mbalimbali, zaidi ya nusu yao wakiwa wanawake. Huko ndiko ilikoonekana wazi kwamba wanaotumia dolutegraviri huongezeka uzito, na wanawake huongezeka zaidi ya wanaume. Katika majaribio ya kwanza, yaliyojaa wanaume, jambo hilo halikujitokeza kwa uzito huo. Mwanamke wa Webuye anayeona nguo zinambana huku majirani wakimsifu kwamba amenawiri anastahili kuambiwa kwamba huenda ni dawa, na kwamba shinikizo la damu na sukari vipimwe pia.

Bungoma yenyewe imo katika kisa kingine, na hiki kinaonyesha mambo yanavyokwenda swali linapoulizwa kwa wakati wake. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika kati ya 2009 na 2014, na Kenya ilishiriki kupitia Kilifi, Siaya na Kombewa. Matokeo yalipotenganishwa kwa jinsia, lilitokea jambo la kushtua: wasichana waliochanjwa walikufa takriban mara mbili ya wasichana ambao hawakuchanjwa, na kwa wavulana hakukuwa na tofauti hiyo. Hesabu ya jumla, wavulana na wasichana pamoja, isingekwambia lolote. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini, na ilikuwa rahisi kusema ni bahati mbaya tu na kuendelea.

Haikufanywa hivyo. Chanjo haikusambazwa kiholela wala haikutupwa. Iliamuliwa itolewe kwanza katika maeneo maalumu ya nchi tatu, Malawi, Ghana na Kenya, na vifo vya wasichana na vya wavulana vifuatiliwe kila upande peke yake. Kenya ilianza tarehe 13 Septemba 2019, Homa Bay, na kaunti 8 zilizochaguliwa zilikuwa na Bungoma ndani yake. Baadhi ya maeneo ya kaunti hizo yalipata chanjo mapema, mengine yakangoja ili kuwe na cha kulinganisha. Kufikia 2021, watoto zaidi ya 800,000 wakiwa wamechanjwa katika nchi hizo tatu, jibu lilikuwa limepatikana: wasichana hawakuwa hatarini zaidi. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Mradi ulipokamilika, vifo vya watoto wa umri unaohusika vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13. Mama wa Bungoma aliyempeleka binti yake kuchanjwa ana haki ya kujua kwamba usalama wa binti huyo ulihesabiwa kwa jina la ubinti wake. Ni jambo la kujivunia, na kwa maoni yangu halijasimuliwa vya kutosha kule lilikotendeka.

Malaria hiyohiyo ina upande ambao haukubahatika hivyo. Kwa miaka mingi, mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza aliyeugua malaria alitakiwa kumeza kwinini siku 7, chungu, masikio yakivuma, huku watu wengine wakipewa dawa mseto ya siku 3. Sababu ilikuwa ileile: dawa mseto haikuchunguzwa kwa wajawazito. Hesabu zilipounganishwa hatimaye, mimba zaidi ya 34,000, zikiwamo za wanawake wa magharibi mwa Kenya, ilibainika kwamba waliotumia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini walipoteza mimba au kupata matatizo kwa kiwango kidogo kuliko waliotumia kwinini. Novemba 2022 mwongozo wa dunia ukabadilika. Kwa hiyo kile kilichoitwa tahadhari kiliwapa akina mama, kwa miaka, dawa iliyo mbaya zaidi kwao na kwa mimba zao.

Yapo mabadiliko, na haki itajwe. Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mahali mtandao wa AMPATH wenye kliniki Kitale na Webuye ulikozaliwa mwaka 2001, umeanzishwa utafiti uitwao MANGO unaofuatilia wajawazito na kukagua watoto wanaozaliwa, ili eneo letu liwe na hesabu yake lisingoje ya Botswana. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya sindano ya lenakapaviri ya kuzuia maambukizi, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Jaribio la PURPOSE 1 lilifanywa Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,000, na aliyeshika mimba hakufukuzwa. Aliruhusiwa kuendelea na kufuatiliwa. Kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Inawezekana, basi.

Kazi iliyobaki iko karibu. Utafiti wa tiba nchini Kenya hauwezi kuanza bila kibali cha kamati ya maadili, na Eldoret inayo kamati ya hospitali hiyo na Chuo Kikuu cha Moi. Wanakamati, mtafiti akiwaletea mpango unaowatoa wajawazito, mwambieni aeleze ni kwa sababu gani ya kisayansi, na ni lini na kwa njia gani swali lao litajibiwa. Akisema tu kwamba ni desturi, mrudishieni karatasi zake. Akileta matokeo yaliyochanganya wanaume na wanawake katika hesabu moja, mrudishieni pia. Wakuu wa afya wa Trans Nzoia na Bungoma, wodi za wazazi zina madaftari yanayojazwa kila siku; ongezeni humo safu ya dawa alizotumia mama tangu kabla ya mimba na hali ya mtoto aliyezaliwa, na awepo mtu wa kuzisoma.

Nawe mama uliye kwenye foleni, ukipewa dawa mpya, au ukinyimwa huku mumeo akipewa, usiondoke dirishani na neno la kusikia tu. Muulize daktari dawa hiyo ilichunguzwa kwa wanawake wangapi, inapatana vipi na njia yako ya kupanga uzazi, na ukishika mimba utafuatiliwa na nani. Ukiombwa kuingia katika utafiti, usiukimbie kwa woga. Omba nakala ya ridhaa kwa Kiswahili, uisome au usomewe, na uulize wakikukuta na mimba watakutoa au watakutunza. Usitie sahihi kabla hujajibiwa.